Nilimpigia Mzee Kinanda Chake, Nikamwambia Ni Mkono Wake

Nianze na lililo baya, ili ukitaka kuacha kusoma uache ukijua mimi ni nani. Nilimdanganya mzee mgonjwa kuhusu mkono wake mwenyewe. Sikumpiga, sikumnyima chakula wala dawa. Nilimfanya aamini kwamba anapiga muziki, kumbe aliyekuwa akipiga ni mimi.

Jina langu siandiki, na ya wenzangu nimeyabadilisha. Minneapolis na Saint Paul, huku ninakoishi Marekani, ni miji mikubwa kwa Wamarekani tu. Sisi Wakenya tunajuana wote. Ukipiga chafya kitongoji cha New Hope siku ya Ijumaa, Jumapili kanisani unaulizwa mafua yanaendeleaje.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Mombasa. Nyumbani nilisomea umeme na elektroniki, nikapata diploma yangu. Nilipofika Minnesota ile diploma ikaingia kwenye sanduku, nikachukua kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa kama wenzangu wengi. Sijutii, kazi ni kazi. Lakini kuna uchungu wa kujua kitu na kukosa wa kumwonyesha, na nakuomba uukumbuke uchungu huo unapoendelea kusoma, maana umechangia sana.

Mzee mwenyewe nitamwita Mzee Mwakio. Ni Mtaita, na ujana wake wote alipiga kinanda kwenye mahoteli ya Pwani. Mkewe alipofariki, binti yake Mkawasi, ambaye ni nesi, akamleta kwake Coon Rapids ili asikae peke yake. Wazee wengi wakiletwa huku wanakaa mbele ya televisheni na kulalamika juu ya baridi. Yeye alianza kujenga kinanda.

Si kinanda cha kawaida. Hakina vibao vyeupe na vyeusi. Ni masanduku ya mbao yamejaa vipande vya chuma vyenye matundu na vitufe vya kuzungusha, na unaunganisha tundu hili na lile kwa nyaya za rangi mpaka sauti itokee. Wenyewe wanakiita modula. Kinachoiongoza sauti ni umeme mdogo tu. Umeme ukipanda sauti inapanda, ukishuka inashuka. Ukiongeza volti moja, sauti inaruka kutoka do hadi do ya juu yake. Alikuwa amejaza ukuta mzima wa basement, chumba cha chini ya nyumba.

Kisha akapata kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kwa taabu. Mkono wa kushoto ulibaki, ila unatetemeka. Vile vitufe vidogo hakuweza kuvishika tena.

Mkawasi alikuwa akifanya shifti mbili mbili, akaniomba nije nikae na babake mchana. Tulifahamiana kanisani. "Sister, wewe ndiye namwamini," aliniambia. "Agency wataniletea mtu ambaye ata-clock in alafu akae kwa simu." Nikakubali, na nikampenda mzee mapema kuliko nilivyotarajia. Alikuwa mcheshi hata kwa yale maneno machache. Nikimpikia uji mzito anauonja, ananitazama, anasema, "Saruji."

Ndipo siku moja akanionyesha ule ukuta kwa kidole, akajionyesha mkono wa kushoto, akasema, "Tengeneza. Kitu. Kikubwa."

Nilimwelewa papo hapo. Kama sauti inaongozwa na umeme, basi hakuna haja ya kitufe kidogo. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupandisha na kushusha huo umeme, na kifaa hicho kinaweza kuwa na umbo lolote ambalo mkono wake unaliweza. Nakwambia, nilikuwa sijafurahi hivyo tangu nitoke Mombasa. Usiku niliota nyaya.

Nilikwenda duka la vipuri kununua kitufe kikubwa cha kuzungusha, cha aina ile ya kuongeza sauti kwenye redio, na vikorokoro vingine vichache. Sanduku nililitengeneza kwa kopo la plastiki la kuwekea chakula. Na mpini ulikuwa mwiko wa ugali. Nilioutoa jikoni kwa Mkawasi ulikuwa mrefu, mzito, wenye shingo nene, nikaufunga kwenye kile kitufe kwa boliti. Ukiusukuma kushoto umeme unashuka, kulia unapanda. Nililehemu nyaya karibu na dirisha la basement nimelifungua kidogo ili moshi utoke, theluji ikiniingilia shingoni, na mzee amekaa kwenye kiti chake akinielekeza kwa macho.

Tulipokiunganisha akaushika mwiko na kuusukuma. Ikatoka sauti inayoyumba, inapanda inapita ilipokuwa ikienda, inarudi, inatetemeka sawasawa na mkono wake. Ilikuwa mbaya kusema kweli. Mbwa wa jirani alibweka.

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Mbaya," akasema. Kisha akausukuma tena. "Tena."

Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila siku. Baada ya uji namwegemeza begani tunashuka basement, ananyanyua mkono anauweka kwenye mwiko, anaitafuta noti. Akiipata anatulia juu yake, ikitetemeka, mpaka jasho limtoke. Mara anaipoteza, anaguna, anaanza upya. Alikuwa akiutafuta wimbo mmoja wa kanisani, ambao wewe ukiwa Mkristo wa kwetu unaujua tangu ukiwa mgongoni mwa mama. Mstari wa kwanza aliufikia nusu. Nusu hiyo ilikuwa yake, na mimi sikuiheshimu.

Kosa langu lilianza na neno moja. Mkawasi alikuwa ameamua kufanya ibada ya shukrani nyumbani, kumshukuru Mungu kwa uhai wa babake, na watu wa kanisa walialikwa. Akiwa anavaa viatu kwenda kazini akaniuliza, "Kumbe Baba amerudi kwa kinanda? Ata-manage kutupigia wimbo mmoja hiyo Saturday?"

Nikasema, "Ataweza."

Alikuwa amezoea kuniuliza maswali ya namna hiyo mlangoni, na mimi nilikuwa nimezoea kuyajibu hivyo. Ameshindaje? Ameshinda vizuri. Amekula? Amekula sana. Amesimama? Amesimama mwenyewe. Siku nyingine alikuwa amekula vijiko vichache na kusukuma sahani, lakini yule binti ametoka kubeba wagonjwa wa watu mchana kutwa, nimwongezee mzigo wa nini? Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akimwaga chai, nasi tunajifanya hatukuona. Mama akipiga simu kutoka nyumbani, hata kama tunaumwa, sote wazima. Tunaita kusitiri, na mimi niliamini ni wema tu, wema usio na upande wa pili.

Lakini Jumamosi ikikaribia nikaanza kuingiwa na hofu. Nilimwazia mzee mbele ya watu, mashemasi na wake zao, mwiko mkononi, ile sauti inayumba, watoto wanaziba masikio. Niliwaza jinsi watu watakavyotazamana. Nikajiambia siwezi kumwacha mzee wa heshima aaibike.

Nikanunua chipu, kompyuta ndogo unayoweza kuificha kwenye kiganja, nikaiingiza ndani ya kopo mzee akiwa amelala mchana. Mwanzoni nilitaka inyooshe noti tu, ili mkono ukitetemeka sauti isitetemeke. Nikajaribu, bado haikunifurahisha. Basi nikauweka wimbo mzima ndani, noti kwa noti. Sasa mwiko ukisogezwa upande wowote, kidogo au sana, inayotoka ni noti inayofuata, safi kabisa. Hata mtoto mchanga angeupiga.

Mzee alipoamka nilimwambia, "Baba, nimekirekebisha kidogo, kisikwaruze." Akaniamini, akatikisa kichwa. Sikumwacha akijaribu mpaka siku yenyewe. Nilisema naogopa kiharibike.

Jumamosi ikafika. Nyumba ilijaa, makoti yamelundikwa kitandani, buti zimezagaa mlangoni. Kulikuwa na pilau, sambusa na chai ya maziwa. Baada ya maombi watu wakashuka basement, waliokosa nafasi wakasimama kwenye ngazi. Mkawasi alikuwa amemvalisha babake suti na tai.

Mzee akaweka mkono kwenye mwiko, akausukuma. Ikatoka noti ya kwanza, imenyooka. Akausukuma tena. Ya pili. Niliuona uso wake. Hakuamini. Machozi yakamtoka, na wimbo unaendelea, na watu wakaanza kuimba naye taratibu, akina mama wakapiga vigelegele. Mjukuu wake alikuwa akirekodi kwa simu, akasema, "Babu, you're so good!" Mkawasi alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Mtu mmoja alininong'oneza, "Hii kitu uli-build wewe mwenyewe? Na huko kazini unabadilisha watu diapers?" Nikatabasamu kama bibi harusi.

Ubeti wa pili ndipo mambo yalipobadilika. Mzee ni mwanamuziki, usisahau. Alipoona mkono wake unamtii, akataka kufanya kile ambacho mpigaji yeyote angefanya. Akataka kushuka chini, aupambe wimbo kidogo. Akausukuma mwiko kushoto mpaka mwisho.

Sauti ikapanda.

Nikaona mkono unasita. Akausukuma kulia, sana. Sauti ikashuka, mahali pake sahihi kwenye wimbo. Akausogeza kidogo tu, kiasi cha upana wa ukucha. Noti inayofuata ikatoka vile vile, kubwa na safi. Watu walikuwa wanaimba wamefumba macho, hakuna aliyeona chochote isipokuwa sisi wawili. Aligeuza kichwa akanitafuta kwenye lile kundi. Mimi nikatazama sahani ya sambusa.

Angeweza kuuachia mwiko. Wimbo ungekatika katikati, watu wangeuliza kulikoni, na mimi ningeumbuka hapo hapo. Hakuuachia. Aliendelea kuusukuma, kulia, kushoto, kulia, macho makavu sasa, mpaka ubeti wa mwisho ukaisha na watu wakapiga makofi. Mzee aliyepooza upande mmoja ndiye aliyenisitiri mimi. Hapo ndipo nilipojua, ingawa sikukubali siku hiyo, kwamba tangu mwanzo niliyekuwa nikimkinga na aibu si yeye. Sikutaka watu wakisikia ile sauti mbaya waseme mashine yangu ni mbovu.

Jumatatu nilipofika nilimpa uji. Hakuuita saruji. Alipomaliza nikamwuliza, "Baba, tushuke?"

Akatazama dirishani. Akasema polepole, kila neno peke yake, "Kapige. Wewe."

Nilitakiwa niseme siku hiyo. Nilitakiwa nipige magoti nimwambie. Badala yake nilikusanya vyombo nikaosha.

Huku nyuma ile video ilikuwa imefika kila mahali. Watu wa Voi, kwao mzee, walikuwa wakiitazama. Mchungaji akaomba mzee apige kanisani. Mkawasi akawa anambembeleza babake kila jioni, naye anatikisa kichwa. Akambembeleza zaidi. Mwisho akakasirika.

"Baba anani-stress," aliniambia siku moja barazani, funguo za gari mkononi. "Anaweza, tumemwona anaweza! Sasa anakataa tu. Ni kiburi ama amegive up? Wewe anakusikiza, si umwambie?"

Nikamjibu, "Atarudi tu, mpe muda."

Alilia palepale, kisha akapangusa uso, akaingia kwenye gari akaenda kazini. Mzee alikuwa amesikia kila kitu kupitia mlango wa wavu. Alikuwa akiitwa mwenye kiburi ndani ya nyumba ya binti yake kwa ajili ya siri yangu, na bado hakunitaja.

Nilifikiri ninaweza kurekebisha kimya kimya, bila Mkawasi kujua. Niliitoa ile chipu nikairudisha mashine ilivyokuwa mwanzo, kisha nikamwomba sana mpaka akakubali kushuka. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nikamwambia yote, kuhusu chipu, kuhusu wimbo niliouweka ndani, na kwamba sasa nimeitoa. "Sasa ni wewe peke yako, Baba. Naapa."

Akauweka mkono kwenye mwiko, akausukuma. Ikatoka ile sauti ya zamani, inayumba, inatetemeka. Nilitaka kulia kwa furaha.

Yeye aliisikiliza kama anayesikiliza mtu barabarani. Kisha akasema, "Mtetemeko. Pia. Unaweza kuweka."

Ni kweli. Naweza. Ni kazi ya dakika chache kuifundisha chipu itetemeke. Yeye alijua, maana alikuwa amejenga ukuta mzima wa vitu hivyo kabla mimi sijalehemu waya hata mmoja pale ndani.

Nililifungua kopo nikamwonyesha hakuna kitu, kitufe tu na nyaya. Hakuinama kutazama. Akauliza, "Nitajuaje?"

Niliendelea kumwonyesha nyaya, huu unaenda hapa, huu unaenda pale, huku nikijua hazungumzii nyaya. Akausogeza mwiko kando kwa nyuma ya mkono, akaniomba nimpandishe juu.

Jioni ile nilimngoja Mkawasi jikoni nikamweleza. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa na koti lake, akiwa bado na kitambulisho cha kazini shingoni, akaniuliza swali moja ambalo sikulitarajia.

"Na zile siku ulikuwa unaniambia amekula vizuri?"

Nikaanza kufuta meza.

"Na ule mguu, uliniambia amesimama mwenyewe?"

"Nilimshika kidogo," nikasema.

"Mimi ni nesi," akasema, sauti imeshuka kabisa. "Nilimwambia daktari vile uliniambia. Everything. Nilimwambia Baba anasimama." Akaondoka pale mezani akapanda juu kwa babake, nami nikavaa buti zangu nikatoka. Hakuniita tena, na sikustahili kuitwa.

Kanisani tunasalimiana kwa mbali. Hakunitangaza kwa watu, na hilo linaniuma kuliko kama angenitangaza. Mpaka leo kuna watu wananisifu kwa ile mashine, wananiambia niwatengenezee wazazi wao. Nikisema siwezi wanadhani najishusha. Ndiyo maana naandika hapa, ambapo sijulikani, lile nisiloweza kulisema kwenye uwanja wa kanisa.

Mzee yuko hai, nashukuru. Mjukuu wake aliniambia kwamba hashuki basement tena. Anasema mama yake, Mkawasi, alimletea babu kinanda cha kawaida, chenye vibao, kidogo cha kuweka mapajani. Alikigusa kibao kimoja, akageuza kile kinanda chini juu akaangalia mgongoni mwake, akakiweka kando.

Wewe unayemhudumia mzazi wako, au mzazi wa mwenzio, huku ugenini au nyumbani, nakuomba. Siku atakapojaribu jambo kwa mkono aliobaki nao na jambo lenyewe likatoka vibaya, kaa chini umsikilize. Usimpambie. Watu wakiuliza anaendeleaje, sema anavyoendelea. Akitetemeka mbele ya wageni, wacha wageni wavumilie, hawatakufa. Mzee Mwakio alikuwa amebakiwa na nusu mstari wa wimbo, mbovu, na alikuwa na uhakika kwamba ni wake. Mimi nilimpa wimbo mzima, na sasa hata akikosea hajui kama aliyekosea ni yeye.